Boksi la "molekuli zinazong'aa": maoni ya mwalimu wa kemia, Kigoma

Shilingi laki moja na elfu themanini kwa boksi la majaribio ya mwanga, nauli ya mzigo mbali. Nimetanguliza bei kwa sababu nawajua walimu wenzangu: hiyo ndiyo mtaitafuta kwanza, halafu ndiyo muamue kama mnaendelea kusoma. Nafundisha kemia sekondari moja ya kata hapa Kigoma Ujiji. Nusu ya hela ilitoka fungu la maabara, nusu ni michango ya klabu ya sayansi, kwa hiyo wapo wazazi wanaouliza madam alinunua nini. Majibu yao ni haya.

Vitu viwili vilivyomo ndani ya boksi vinastahili karibu hela yote. Kimoja kinaharibu somo. Na maneno yaliyoandikwa kwenye kifuniko si kweli.

Ukifungua unakuta tochi ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, ya nanomita 365, kuveti za plastiki (vile vichupa vyembamba vinavyopitisha mwanga), pipeti kadhaa, pakiti ya unga mweupe wa beta-siklodekstrini, kichupa cha rangi iitwayo TNS, miwani ya njano, chaja, na kijitabu cha Kiingereza na Kichina. Kifuniko kinatamba kwamba boksi "linagundua dawa, sumu na vichafuzi ndani ya maji". Mkuu wa shule aliposoma hapo akaniambia, "Mwalimu, basi tutawapimia na wananchi." Nikamwomba asiwatangazie kwanza.

Nianze na unga, maana ndio roho ya boksi.

Beta-siklodekstrini ni glukosi saba zilizoungana zikafunga duara. Umbo lake ni kama kindoo kilichotobolewa kitako. Nje yake panapenda maji, ndiyo maana unga unayeyuka, ingawa si sana: lita moja ya maji ya nyuzi 25 inabeba kama gramu 18 na nusu tu, ukizidisha unabaki chini. Ndani ya tundu hapapendi maji. Upana wa tundu ni kama nanomita 0.6. Malighafi yake ni wanga wa kawaida, wa mahindi au viazi, unaokatwakatwa na kimeng'enya cha bakteria. Mfaransa Antoine Villiers alizieleza sukari za jamii hii mwaka 1891, na leo zinatumika kwenye vyakula, dawa, na hata vile vipulizi vya kuondoa harufu kwenye makochi, ambako kazi yake ni kuimeza molekuli ya harufu isifike puani.

Kwa hiyo molekuli ndogo isiyopenda maji, ikiwa inaenea kwenye tundu, itaingia. Haifungwi humo. Inaingia, inatoka, inaingia tena, haraka mno. Siklodekstrini ndiye mwenyeji, inayoingia ndiyo mgeni, na kinachoamua matokeo ni mgeni gani anakaa ndani muda mrefu kuliko mwenzake. Ukimwelewesha mwanafunzi hapo, mengine yote yanajipanga.

Tatizo ni kwamba mwenyeji huyu haonekani. Maji ni meupe kabla, meupe baada. Ndiyo kazi ya TNS. Rangi hii ikiwa kwenye maji matupu hupokea nishati ya tochi kisha ikaipoteza karibu yote kama joto, kwa sababu maji yanaizonga pande zote na yenyewe inajipindapinda. Ikiingia kwenye tundu la siklodekstrini, maji yanabaki nje, nafasi ya kujipinda inapungua, na nishati ileile inatoka kama mwanga wa buluu. Safari nzima, kuanzia kumeza mwanga hadi kuutoa, ni nanosekunde chache.

Jinsi tunavyofanya sisi ni hivi. Maji ni ya betri, yale ya chupa yanayouzwa maduka ya spea; soma lebo usije ukanunua asidi. Gramu moja ya unga kwa lita moja. Mizani yetu inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu na inatosha kabisa. TNS ni tone moja la myeyusho mwembamba sana, rangi yake usiione kwa macho mchana. Ukiweka nyingi unajiharibia, maana rangi ya juu itameza mwanga wote wa tochi na ya chini ibaki gizani.

Maabara yetu haina mapazia. Tumegongelea vitenge dirishani, na saa nane mchana jua la Kigoma linapenya hivyo hivyo, lakini chini ya meza kuna giza la kutosha. Wanafunzi wanachuchumaa kwa zamu. Kuveti ya maji na TNS: giza, ukikaza macho unaona ukijani kwa mbali. Kuveti yenye TNS na unga: buluu imara, inayoonekana hata kwa yule aliyechuchumaa nyuma kabisa. Darasa linapiga kelele kila mara, hata la kidato cha nne wanaojifanya wameshaona kila kitu.

Hapo boksi limejilipa nusu. Nusu ya pili ni kuuzima mwanga huo, na hapo nilihitaji kafuri.

Kafuri nilifuata Ujiji, duka la mzee mmoja anayeuza ubani, udi na sanda. Nilipotaja tu, akavua miwani.

"Pole sana mwanangu. Nani katutoka?"

"Hakuna msiba, mzee wangu. Ni ya maabara, shuleni."

"Alhamdulillahi." Akaanza kufunga, kisha akasita. "Maabara mnaosha nani?"

Nikamweleza kwamba naiyeyusha kwenye maji kidogo, inaingia mahali fulani, taa inazima. Alinisikiliza kwa adabu zote. Bei hakupunguza.

Kafuri haiyeyuki sana kwenye maji, kiasi cha gramu moja na kidogo kwa lita, lakini kwa kazi hii imezidi mahitaji. Iponde, itikise kwenye chupa ya maji, iache itulie, chota maji ya juu. Sasa chukua kuveti tatu zote zenye mwanga uleule wa buluu. Ya kwanza ongeza maji matupu, nusu kwa nusu. Ya pili maji ya glukosi. Ya tatu maji ya kafuri. Kijitabu hakitaji kuveti ya maji matupu, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ukiongeza kimiminika chochote unapunguza ukali wa myeyusho na mwanga unafifia kidogo. Bila ya kulinganishia, mwanafunzi ataapa kwamba sukari nayo inazima.

Glukosi haikufanya kitu. Inapenda maji mno, haina sababu ya kuyakimbia. Chumvi nayo haikufanya kitu. Kafuri ilizima. Si polepole, ni palepale pipeti inapogusa na kuveti inapotikiswa. Umbo la kafuri ni la mviringo, linaenea ndani ya tundu vizuri kuliko TNS, kwa hiyo TNS inatolewa nje kwenye maji, na kwenye maji haina mwanga.

"Madam, kwa hiyo tumeona kafuri?" aliniuliza binti mmoja wa kidato cha tatu.

Nikamwambia tumeona TNS imetolewa. Nani kaitoa, tunajua kwa sababu ni sisi tuliommimina.

Siku nyingine tukatumia aibuprofeni ya duka la dawa. Kidonge cha miligramu 200, kimepondwa, kikawekwa kwenye robo lita ya maji yenye sodiamu bikaboneti kidogo ili kiyeyuke, kikachujwa. Mwanga ukazima karibu sawa na wa kafuri. Parasetamoli ilipunguza kidogo tu, maana haishikani sana na tundu hili. Basi weka kuveti ya kafuri na ya aibuprofeni pembeni kwa pembeni, mwite mwalimu wa fizikia, mwambie achague ipi ni ipi. Wetu alishindwa. Atashindwa yeyote, kwa sababu kuveti haina jibu hilo. Inachosema ni kwamba kuna kitu kidogo, kisichopenda maji, kinachoenea kwenye nanomita 0.6, na kipo kwa wingi wa kutosha kumtoa mwenzake.

Sasa turudi kwenye kifuniko. "Linagundua dawa, sumu na vichafuzi." Hesabu inalikataa hilo. Gramu moja ya siklodekstrini kwa lita ni karibu milimoli 0.9 (moli ndiyo kipimo cha idadi ya molekuli, na milimoli ni sehemu yake ya elfu). Ili uone kwa macho mwanga umepungua, mgeni mpya lazima awe kwenye kiwango cha jirani na hapo. Milimoli moja ya aibuprofeni kwa lita ni miligramu 206, yaani kidonge kizima kimoja kwenye lita moja ya maji. Mabaki ya dawa kwenye mito na maziwa hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu ni sehemu ya elfu ya miligramu. Kwa kuveti hii ziwa lingekuwa dawa ya kunywa kabla boksi halijashtuka.

Vijana hawakuridhika na hesabu, wakaleta maji ya ziwa kutoka Kibirizi, pale dagaa wanapoanikwa. Tukayachuja, tukayapima. Buluu ilibaki vilevile na kuveti ya maji ya betri. Mmoja akataka kuandika kwenye daftari kwamba maji ni salama. Nilimfutisha. Hapa Kigoma mtu akisikia neno kupima maji anawaza kipindupindu, na bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikromita moja na zaidi, yaani nanomita elfu na zaidi, ni maelfu ya mara ya tundu lenyewe. Hatoingia humo. Madini ya risasi hayaingii, floridi haiingii. Muuzaji akimwambia mwananchi kwamba boksi hili linapima usalama wa maji anaweza kusababisha maafa, na nilimwandikia hivyo. Alijibu kwa kunitumia picha ya kifuniko.

Nikasema kimoja kinaharibu somo: ni miwani. Ni ya njano. Miwani ya njano inazuia urujuanimno, sawa, lakini inazuia na buluu, na buluu ndiyo kitu chenyewe tunachokitafuta. Nilishangaa kundi la kwanza linasema kuveti zote zinafanana, hadi mtoto mmoja akainua miwani juu ya paji la uso akapiga ukelele. Tumeiweka kando. Tunatumia ile miwani mieupe ya plastiki ngumu tuliyonayo kwa ajili ya asidi. Plastiki hiyo, polikaboneti, inazuia miali ya nanomita 365 na kuachia buluu ipite. Na tochi hairuhusiwi kuinuliwa juu ya usawa wa meza, awe nani.

Kijitabu nacho kina lake. Ukurasa wa usafi unakuambia uoshe kuveti kwa sabuni ya unga. Usithubutu. Sabuni za unga za kufulia zinawekwa kemikali za kung'arisha nguo, ambazo zinameza urujuanimno na kutoa buluu. Ndiyo maana chini ya tochi mashati meupe ya wanafunzi yanawaka kuliko jaribio. Kuveti iliyooshwa hivyo na kusuuzwa kwa haraka inang'aa yenyewe, tupu, haina TNS wala unga. Na hata sabuni isiyo na king'arishi ina shida yake: molekuli za sabuni hujikusanya vifundo vidogo ndani ya maji, mafuta ndani na maji nje, na TNS inapata maficho humo. Tunaosha kwa maji ya betri na ethanoli, tunaacha zikauke kabisa.

Kabisa, nasisitiza, kwa sababu ya ethanoli yenyewe. Kijana mmoja, mtundu lakini ana akili, alidondosha ethanoli kwenye kuveti ya TNS isiyo na unga wowote. Ikawaka. Akanitazama. "Madam, mwenyeji yuko wapi?"

Hakuna mwenyeji. TNS haihitaji ndoo kwa lazima, inahitaji kuondokana na maji. Ethanoli ikiwa nyingi inaizunguka badala ya maji na mwanga unatoka. Swali hilo moja lilinipa kipindi kizima ambacho kijitabu hakijakifikiria, kwa sababu sasa darasa zima lilianza kuuliza: mwanga ukiongezeka, ni mgeni kaingia au ni maji yamebadilika? Ukizima, ni TNS katolewa au kuna kitu kingine?

Kwa hiyo nikaenda kununua soda ya toniki, mojawapo ya hoteli za mjini. Hii nawashauri hata msionunua boksi, ila tu muwe na tochi. Toniki ina kwinini, na kwinini kwenye maji yenye asidi inang'aa buluu ya kupendeza sana. John Herschel aliuandika mng'ao huo mwaka 1845, na George Stokes akauchambua vizuri mwaka 1852. Mimina glasi mbili. Kwenye moja tia kijiko cha chumvi ya Uvinza, koroga. Buluu inakufa. Hapa hakuna ndoo, hakuna kuingia wala kutolewa: kloridi ya kwenye chumvi inagongana na kwinini iliyokwisha kupokea nishati na kuinyang'anya kabla haijatoa mwanga. Chumvi hiyohiyo tuliitia kwenye kuveti ya TNS na unga na haikufanya kitu. Kuzima ni kumoja kwa macho, sababu ni mbili tofauti, na mwanafunzi akishaziona zote kwa siku moja hazimchanganyi tena. Chumvi ya Uvinza wameiona tangu wakiwa wadogo, wengine wana ndugu kule, na nadhani hilo lilisaidia kuliko maneno yangu.

Kijitabu kinamalizia kwa picha ya hospitali na maneno kwamba hii ni "teknolojia ileile". Nusu ni kweli, na nusu hiyo ni nzuri kiasi kwamba inasikitisha wameitumia kutia chumvi biashara. Ziko molekuli zenye mwenyeji na taa katika mwili mmoja. A. P. de Silva, mwanakemia mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi Belfast, alizijenga nyingi: upande mmoja tundu la kupokea ayoni (chembe yenye chaji ya umeme), upande mwingine sehemu ya kung'aa, katikati kiungo kifupi. Tundu likiwa tupu, elektroni inaruka kutoka huko na kuizima taa. Ayoni ikiingia inaishikilia ile elektroni, na taa inawaka. Mashine za kupima sodiamu, potasiamu na kalisi kwenye damu zimetumia wazo hili. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakaonyesha molekuli inayowaka pale tu wageni wawili tofauti wanapokuwepo pamoja, kama lango la kompyuta. Na Marekani mwaka 2018 waliruhusu kipandikizi kinachokaa chini ya ngozi ya mgonjwa wa kisukari kwa siku 90, chenye molekuli inayong'aa kulingana na glukosi iliyoishika. Glukosi! Ileile ambayo ndoo yetu haina habari nayo. Ile ya kisukari inatumia boroni, ambayo inashikana na glukosi kwa kifungo halisi kinachofunguka tena, na watu walihangaika miaka mingi kuitengeneza kwa ajili ya mgeni mmoja.

Tofauti iko hapo. Boksi letu lina mwenyeji asiyechagua sana. Hospitali wanatumia mwenyeji aliyechongwa kwa ajili ya mgeni wake, na mashine ya kupima mwanga badala ya macho ya mtoto aliyechuchumaa chini ya meza.

Tochi sasa, nayo naisifu bila kigugumizi. Maduka ya mtaa wa Mwanga hapa mjini na ya stendi yamejaa vile vitochi vya zambarau vya kukagulia noti, bei ya chee, na mwalimu mwenzangu aliniuliza kwa nini nisitumie hicho. Vingi vyake ni vya nanomita 395 hivi. Vinatoa zambarau nyingi inayoonekana, inafunika buluu yote, na TNS haimezi mwanga huo kwa kiasi cha maana. Hii ya 365 ina kioo cheusi mbele kinachochuja zambarau, kwa hiyo ukiiwasha unadhani haijawaka hadi uielekeze kwenye kitu. Mwili wake ni aluminiamu, unapata moto ukiacha dakika nyingi. Kasoro yake ni kwamba betri ikianza kuisha mwanga unashuka polepole bila kukuonya, na anayepima kuveti moja baada ya nyingine ataandika kwamba kila mgeni aliyekuja mwishoni anazima zaidi. Zimulike zote pamoja, kwa pigo moja, kisha geuza mpangilio umulike tena.

Muuzaji wa Dar namtendea haki: mzigo ulifika na basi ukiwa mzima, kichupa cha TNS kimezungushiwa foili kama inavyotakiwa, maana mwanga unaiharibu, na simu anapokea. Ukimlalamikia anakusikiliza kisha anakuuliza kama unahitaji boksi la pili.

Boksi la pili sitanunua. Nitanunua tochi peke yake na unga peke yake, na TNS iliyobaki, kwa kuwa kila jaribio ni tone, itatufikisha mbali. Shule isiyo na TNS inaweza kujaribu manjano ya dukani: loweka kwenye ethanoli, chuja, tone moja kwenye maji na tone moja kwenye maji ya siklodekstrini. Kurkumini ya kwenye manjano haipendi maji nayo, na ikiingia kwa mwenyeji inang'aa kijani-njano zaidi. Haivutii kama TNS na inataka giza zuri, lakini gharama yake ni mabaki ya jikoni.

Mkiagiza unga, andikeni "beta" na mdai lebo iwe imeandikwa hivyo. Niliulizia kwingine nikaambiwa chukua alfa, ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Alfa ina glukosi sita, tundu lake ni jembamba na TNS haikai vizuri. Gama ina nane na ni pana. Mkinunua alfa mtamulika maji meusi kipindi kizima. Na chaja iliyokuja na boksi ina pini mbili bapa ambazo haziingii kwenye soketi yoyote ya shule yetu, tunachaji betri kwa fundi simu pale Mwanga sokoni, kwa hiyo mwambieni muuzaji kabisa kabla hamjatuma hela: pini tatu.